Asilimia Tisini ya Nani?

Hotuba ya mkaguzi wa shule mstaafu katika kikao cha wadau wa elimu cha wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri na waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi Mtendaji, Afisa Elimu Msingi na mwenzako wa Sekondari, wathibiti ubora, ambao enzi zetu tuliitwa wakaguzi na walimu walitukimbia, maafisa elimu kata, walimu wakuu na wakuu wa shule, wenyeviti wa kamati za shule, viongozi wa dini, wazazi wenzangu. Itifaki imezingatiwa. Shikamooni mnaostahili shikamoo, na ninyi wengine habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni "Uwajibikaji wa shule katika kuinua ufaulu". Afisa Elimu ametangulia kutusomea taarifa, ufaulu umepanda, ukumbi umepiga makofi na mimi nimepiga. Walimu wamefanya kazi, haki yao wapewe. Ila tangu taarifa isomwe nimekaa na swali ambalo naomba tulitafune wote asubuhi hii. Tukiambiwa shule imefaulisha kwa asilimia tisini, ni asilimia tisini ya nani?

Tuchukue shule ya mfano. Haipo wilaya hii, kwa hiyo mwalimu mkuu yeyote asinikunjie uso. Kizazi kimoja cha watoto kilipoanza darasa la kwanza, kitabu cha uandikishaji kiliandika majina 120. Kilipofika darasa la saba, waliosajiliwa kufanya mtihani walikuwa 70. Siku ya mtihani wakaingia 65. Wakafaulu 59. Gawanya 59 kwa 65, unapata asilimia 90 na ushee. Shule itapewa cheti, pengine na mbuzi. Sasa gawanya 59 kwa 120. Hata nusu haifiki.

Hao 55 wasioonekana chumba cha mtihani wako wapi? Wengine wamehama na barua za uhamisho zipo. Wengine wamekariri darasa, watafanya mwakani. Hayo ni ya kawaida. Waondoe wote hao, bado utabaki na majina ambayo hayana barua, hayana kaburi, hayana darasa. Nilipokuwa nakagua, kitabu cha kwanza nilichoomba kilikuwa hicho cha uandikishaji, kabla hata ya maandalio ya somo. Walimu wakuu walishangaa. Walikuwa wamepanga mezani majedwali ya matokeo, yamepigwa mistari kwa wino mwekundu, safi kabisa. Mimi nataka kitabu kilichochakaa, chenye majina ya watoto wa miaka sita nyuma. Majedwali yale yalinionyesha waliofika. Wasiofika walikuwa kwenye kile kitabu kilichochakaa.

Waheshimiwa, mtihani siupingi. Wapo wasomi wetu mjini wanaosema tufute mitihani yote, watoto wasome kwa furaha. Wengi wao watoto wao wako shule za kulipia, wana vitabu nyumbani na umeme wa kusomea. Mtoto wa mkulima asiye na mtu wa kumpigia simu, kile kikaratasi cha Baraza la Mitihani ndicho kinachomsemea. Mtihani ubaki. Ninachogombana nacho ni ile tarakimu moja tunayoikamua kutoka kwenye mtihani, halafu tunaifanya iwe hukumu ya mwalimu, ya shule, na hata ya wilaya nzima.

Tazameni tarakimu yenyewe ilivyotembea. Mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba ulikuwa na ufaulu wa asilimia 30.72. Mwaka 2024 ulikuwa asilimia 80.87. Kidato cha nne, mwaka 2012 asilimia 34.5, mwaka 2024 asilimia 92.37. Mtu akitoka safari ya miaka kumi na miwili akasoma hizo namba nne, atadhani taifa limefufuka. Kuna kilichoboreka kweli: shule za kata zimepata walimu zaidi, maabara zimejengwa, elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Lakini kuna mengine yaliyotembea pamoja na hizo namba, na haya hayasomwi kwenye vikao.

Nianze na lile la kidato cha nne la mwaka 2012, maana vijana waliomo humu walikuwa bado wadogo. Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo. Divisheni ya kwanza 1,641. Ya pili 6,453. Ya tatu 15,426. Ya nne 103,327. Sifuri, 240,903. Nchi ikatikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, kwa sababu iligundulika kwamba mwaka ule Baraza lilibadili utaratibu wa kupanga madaraja bila shule kuandaliwa. Mwisho wa mwezi uleule matokeo mapya yakatoka: ufaulu umekuwa asilimia 43 hivi. Vijana zaidi ya 30,000 waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu, na hakuna hata mmoja aliyerudi chumba cha mtihani.

Sisemi serikali ilikosea. Kama kanuni ilibadilishwa kimyakimya, haki ilikuwa kuirudisha. Lakini mwaka huohuo viwango vikapangwa tena. Alama 40, iliyokuwa D, ikawa C. Zikazaliwa B+ na E. Mtihani uliofuata ukaleta ufaulu wa asilimia 58. Halafu ikaja GPA, yaani wastani wa pointi, watoto wakarudi nyumbani na vyeti vya "Merit" na "Distinction" ambavyo babu zao hawakujua washangilie au walie. Mwaka 2016 tukarudi kwenye divisheni. Katika vurugu hiyo yote, mwalimu wa kijijini alikuwa anaitwa wilayani kujieleza kwa nini asilimia yake iko chini. Chini ya nini? Mstari wenyewe ulikuwa unahama.

Na leo, kufaulu kidato cha nne maana yake ni nini? Wazazi, sikilizeni hapa, maana nimewauliza wengi na hawajui. Ili upate divisheni ya nne, ambayo inahesabiwa kuwa umefaulu, unatakiwa angalau uwe na D mbili au C moja. D inaanzia alama 30. Kwa hiyo kijana aliyepata 30 kwenye Uraia na 30 kwenye Kiswahili, na F kwenye mengine yote, yumo ndani ya ile asilimia 92. Wenye divisheni ya kwanza hadi ya tatu, ambao ndio wenye nafasi ya maana ya kuendelea, mwaka huo wa 2024 hawakufika nusu ya watahiniwa. Hisabati? Ni robo hivi tu ya watahiniwa waliofaulu. Sasa shule inayobandika bango la "Ufaulu 100%" getini haidanganyi. Imesema kweli ambayo haina kazi kwa mzazi.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulimsifu mgema kwa wingi wa vibuyu, hatukuonja tembo. Kwa hiyo tusimlaumu peke yake.

Kulikuwa na kipindi tuliamua kusifu na kukemea kitaifa. Mwaka 2013 ulikuja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, tuliouchukua kwa Malaysia. Lengo lilikuwa ufaulu wa asilimia 80 ifikapo 2015, msingi na sekondari. Shule zikapangwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya, zikapakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mliokuwepo mnakumbuka jinsi "nyekundu" ilivyokuwa tusi kwenye vikao. Mwaka 2015 ulipofika, darasa la saba lilikuwa kwenye asilimia 67.84. Lengo halikufikiwa, ila namba ilikuwa imepanda sana, na mabango yakachapwa.

Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walikaa chini na takwimu za shule za msingi nchi nzima kuona ule upangaji wa nafasi ulifanya nini. Walichokikuta kina pande mbili, na pande zote mbili naomba mzibebe. Shule zilizoshika mkia ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Na zilipandisha bila zawadi wala adhabu rasmi; ilitosha kuwa afisa elimu wa karibu anajua nafasi yako na atakuita. Hilo ni jambo kubwa. Linaonyesha walimu wakitazamwa hufanya. Upande wa pili: shule zilezile zilipunguza idadi ya watoto wa darasa la saba waliofanya mtihani. Watoto dhaifu walipotea kabla ya Septemba.

Mnajua wanavyopotea. Hapa nyote mnajua, msinitazame hivyo. Mtoto anakaririshwa darasa la sita hadi achoke. Mzazi anaitwa ofisini, anaambiwa kwa upole, "Huyu mama, tafuta namna, hapa atatuangusha." Shule za kulipia zina njia zao: mwanafunzi wa kidato cha tatu anaambiwa wastani wake haufiki, achague kuhama au akasajiliwe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alama zake zikienda kituo kingine, jina la shule linabaki linang'aa. Na wazazi tusijitoe. Wapo miongoni mwetu wanaomwambia binti asilibe ovyo, herufi zozote tu, ili asichaguliwe kwenda sekondari, mahari iko njiani. Huyo akifeli, tunamwita mwalimu mkuu ajieleze.

Kuna adhabu nyingine tulizowahi kutoa kwa jina la uwajibikaji. Februari 2009 mkuu wa wilaya wa Bukoba wa wakati huo aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya. Walimu, watu wazima, wenye watoto. Rais Kikwete alimwondoa. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, usiondoke, sisemi juu yako. Wewe ni mtu wa chai na mazungumzo. Nalileta kwa sababu kiboko kile kilikuwa tu sura ya wazi ya kitu tunachokifanya kwa adabu zaidi. Kumshusha cheo mwalimu mkuu mwezi mmoja baada ya matokeo, bila kufungua kitabu cha uandikishaji, bila kuuliza ana walimu wangapi wakati ikama, yaani idadi anayostahili, ni kumi na mbili, ni uleule.

Wizi wa mitihani nisiukalie muda mrefu. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Watoto wa miaka kumi na tatu walilipia hofu ya watu wazima. Inatosha.

Nirudi kwenye fedha, maana uwajibikaji tunaoujua sisi unateremka tu, haupandi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kwa dola kumi kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Ikawa shilingi 10,000, na kwa miaka mingi iliyofuata ikabaki 10,000, wakati chaki, karatasi na nauli ya kufuata mitihani vyote vinapanda. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zikitua 6,000 ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mwalimu mkuu anaendesha mitihani ya ujirani mwema, moko ya wilaya, yaani mtihani wa majaribio, moko ya mkoa, kambi ya darasa la saba, ukarabati na kalamu, kwa shilingi 500. Kisha tunamuuliza kwa nini ameomba wazazi wachangie uji.

Lakini nisiwadanganye kwamba fedha peke yake ni dawa. Kati ya 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza ilifanya jaribio liitwalo KiuFunza, kwenye shule 350 katika wilaya kumi. Shule nyingine zilipelekewa ile shilingi 10,000 kwa kila mtoto, yote, moja kwa moja. Nyingine walimu waliahidiwa bonasi watoto wao wa darasa la kwanza hadi la tatu wakijua kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapata vyote viwili. Matokeo: zilizopewa fedha tu, watoto hawakuongeza kujua. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizoinuka vizuri.

Wengi wakisikia habari hii wanashika neno "bonasi". Mimi nilishika kitu kingine. Mwalimu alilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu kipimo. Kwa kila kichwa. Hakulipwa kwa asilimia. Ukimfukuza mtoto dhaifu hupati hata senti, umepoteza tu kichwa ambacho kingeweza kukulipa. Ukimfundisha akajua kusoma, umepata. Kanuni ndogo hiyo, kuhesabu vichwa badala ya asilimia, inamfanya mtoto wa nyuma kabisa kuwa faida. Kanuni yetu inamfanya kuwa mzigo.

Na angalieni walipima darasa gani. La kwanza hadi la tatu. Sisi nguvu zetu zote ziko la saba. Ingieni shule yoyote mwezi Agosti: darasa la saba lina walimu bora, kambi, mtihani kila Jumamosi. Darasa la kwanza lina watoto wamebanana sakafuni na mwalimu mmoja, mara nyingi yule ambaye mwalimu mkuu hakujua ampeleke wapi. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani vizuri tu. Asiyejua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akiwa na miaka tisa, kambi ya mwezi mmoja akiwa na miaka kumi na tatu itamfundisha kubahatisha.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kaimu Katibu Mtendaji wa wakati huo, Athumani Amasi, alieleza kwamba ilikuwa kama kuzitangazia shule biashara. Niliunga mkono. Majirani zetu wa Kenya nao walishapiga marufuku upangaji wa shule mwaka 2014. Lakini matokeo yakitoka bado wapo vijana wanaokaa na kompyuta usiku kucha kupanga orodha zao, na asubuhi ziko kwenye simu zenu. Mimi mwenyewe naletewa na wajukuu. Kuficha orodha hakuondoi hamu ya watu kujua shule ipi inafundisha. Wapeni kipimo cha kweli, wataacha hicho cha kubahatisha.

Sasa niombe. Sera ya Elimu toleo la 2023 inatupeleka kwenye msingi wa miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi. Mtihani hautakuwa tena mlango wa kumzuia mtoto asiende sekondari. Kwa hiyo kisingizio cha kumficha mtoto dhaifu kinaisha, na swali la waliopotea njiani litakuwa zito zaidi, kwa sababu sheria itasema walipaswa kuwepo.

Naomba taarifa ya mwakani ya wilaya hii isianze na asilimia. Ianze na walioandikishwa darasa la kwanza mwaka wa kizazi hicho. Ifuate waliohama kwa barua, waliokariri, waliosajiliwa, waliofanya, na mwisho waliofaulu, kwa idadi, shule kwa shule. Msiniambie haiwezekani. Siku hizi kila mtoto ana namba ya PReM, yaani namba yake ya utambulisho kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Akihama namba inahama naye. Aliyepotea anajulikana kwa namba. Pembeni yake iwekwe idadi ya watoto wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili wakaielewa, wapimwe na walimu wa shule jirani, wasipimwe na wa kwao.

Na kwenye ukurasa wa pili, Mkurugenzi, naomba uandike ya kwako. Shule hii ikama yake ni walimu wangapi, ina wangapi. Ruzuku iliyotakiwa ni kiasi gani, iliyofika ni kiasi gani, ilifika tarehe gani. Vitabu vya kiada ni kimoja kwa watoto wangapi. Kurasa hizo mbili zibandikwe kwenye ubao wa shule na kwenye ofisi ya kijiji, zote mbili kwa pamoja. Ukibandikwa wa kwanza peke yake, wenyeviti wa kamati, ubandueni.

Najua mwaka wa kwanza asilimia ya wilaya itashuka. Watoto 20 waliokuwa wanaachwa nyumbani watafanya mtihani, 15 watafeli, na mkoani mtaitwa. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ombi langu kwako ni hilo moja: siku hiyo wewe ndiye uende mkoani ukaeleze, usimtume mwalimu mkuu.

Mfano wa jedwali nimeuchapa, katibu anazo nakala, wenyeviti wachukue kabla ya chai. Maswali nayapokea. Tuanze na yule mwalimu wa nyuma pale aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kukaririsha.